Kumfyekea Mgeni Njia

Jumapili, 1 Juni 2025. Kichiwa.

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya sare za shule. Kurasa za mbele zina viuno na mabega ya watoto wa Makambako. Kuanzia hapa ni mambo yangu. Nimefunga kibanda changu cha cherehani mpaka Julai na kuja nyumbani kwa mama, na sikuja kupumzika.

Mama alinipigia simu Alhamisi. "Hilda, mgeni anakuja. Safari hii usiponifyekea njia wewe, atanifyekea nani?"

Mgeni ndilo jina tunaloliita lile ua la mlimani hapa kitongojini kwetu. Kwa miaka minane, tisa, ni kichaka tu cha kufika kiunoni. Mbuzi hawakitaki, kuni hakifai, watu wanakipita kama hawakioni. Halafu kipupwe kimoja mlima mzima unafunguka zambarau, wiki tatu tu, kisha vichaka vyote vinakufa vikiacha mbegu. Na desturi yetu ni hii: binti aliyeolewa nje anarudi kumfyekea mgeni njia, kutoka uani kwa mama yake mpaka mlimani, ili mama apande kumkaribisha.

Mara iliyopita, mwaka 2016, sikuja. Nilikuwa na oda ya sare mia mbili, nikasema nitakuja mara ijayo. Njia akaifyeka Nelly, mke wa mdogo wangu Elius, akiwa bibi harusi wa miezi minne. Sijawahi kumsamehe kwa hilo, ingawa sijui kosa lake ni nini.

Sasa mara ijayo imefika na mama haoni. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Anatambua mchana na usiku, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Mgeni amemwona mara nane. Ya tisa nataka aione kwa macho yake, si kwa kusimuliwa. Hilo ndilo lililonileta.

Jumatatu, 2 Juni.

Baridi. Chai ya Nelly ni maji yaliyopitiwa na majani.

Jumatano, 4 Juni.

Leo nimejiaibisha, na bora niandike kabla sijaanza kujitetea.

Uani kuna kamba inayotoka mlango wa jiko hadi chooni, nyingine inakwenda hadi kwenye benchi la mama. Ziko chini chini, usawa wa nyonga. Nikasema moyoni, huyu Nelly hata kamba ya nguo hajui kuifunga. Nikazifungua, nikaifunga moja juu vizuri kama mtu mwenye akili, nikaanika mashuka.

Saa nne mama alitoka jikoni, mkono umenyooshwa, ukishika hewa. Alitembea hatua kumi, akapotea. Nilimkuta katikati ya bustani ya figiri, kasimama wima, hataki kupiga kelele kwa sababu ya aibu. Mtu aliyejenga ua huu!

Nelly alitoka mbio, akamshika mkono, akasema, "Mama, figiri zimekuita?" Mama akacheka. Kisha Nelly akazirudisha kamba usawa ule ule, fundo lile lile, bila kuniangalia. Jioni tu aliniambia, "Wifi, nilisahau kukuambia." Kasahau yeye! Ningetamani angenigombeza.

Mama alipolala nilimsikia akicheka peke yake: "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu wa kwangu kaja kuzifungua."

Jumanne, 10 Juni.

Mzee Gideoni, jirani yetu mwenye mizinga, kapita asubuhi. "Kamwene, mama!" Mama akaitikia, "Kamwene." Anasema nyuki wameanza kupanda mlimani kukagua, wanarudi mikono mitupu, ila hawakati tamaa. Mizinga yake miwili imetundikwa ukingoni mwa mlima upande wetu. Asali ya mgeni, anasema, ni nyeupe kama mafuta ya nguruwe yaliyoganda. Mama alimwambia atafute mfano mwingine, yeye ni mzee wa kanisa.

Nimekwenda kuangalia. Vichaka vina vitumba vidogo, vigumu kama punje za mtama.

Jumamosi, 14 Juni.

Madaktari wa macho watakuja Makambako wiki ya kuanzia tarehe 23. Wanapasua, kesho yake wanafungua bandeji, na mtu anakaa karibu siku kumi kwa ajili ya dawa na kuangaliwa. Nilishamwandikisha mama. Leo nimemwambia. Amekataa.

"Nitakwenda mgeni akishaondoka."

"Mama, mgeni akishaondoka utakuwa umekwenda kuona nini?"

"Na wakiniharibia? Huu ukungu nilionao, mlima ukifunguka nitaiona rangi. Sitaona ua, lakini rangi nitaiona. Niuze nilichonacho kwa ahadi ya daktari nisiyemjua?"

Nilibembeleza, nikagomba, nikalia kidogo. Ulimi hauna mfupa, nilisema na mambo ya ukaidi wa uzee ambayo nayajutia. Elius alisingizia ng'ombe, akatoka.

Jumatatu, 16 Juni.

Hasemi nami. Anasema na kuku.

Alhamisi, 19 Juni.

Sakitu ya kwanza. Umande umeganda juu ya majani, bonde lote jeupe, figiri zimelala chali. Nelly aliamka gizani akazifunika nyingine kwa magunia. Mimi nilikuwa nimejikunyata chini ya mablanketi matatu.

Mama kakubali. Wala si mimi niliyemshawishi. Nelly alikuwa anamsugua miguu kwa mafuta jikoni, akasema bila hata kuinua kichwa, "Mama, wewe unanijua nikiwa bibi harusi. Nenda ukapone, urudi uone nilivyonenepa."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Basi nitakwenda. Lakini Hilda aniahidi njia itakuwa tayari na mgeni atakuwepo nikirudi."

Niliahidi. Nilimshika mikono yote miwili nikaahidi, kama kwamba mlima ni mali yangu. Na nilimwonea wivu Nelly, sifichi. Siku tano za maneno yangu zimeshindwa na sentensi mbili.

Jumamosi, 21 Juni.

Nimefyeka kutwa. Njia ile ilikuwa imeziba, miiba, mabua, nyasi za kufika kifuani. Mikono ya cherehani si mikono ya fyekeo, malengelenge manne. Elius alitaka kunisaidia nikamfukuza, kazi ya binti haisaidiwi. Nelly aliniletea uji, akasimama akiangalia, akasema njia imenyooka. Nilijivuna kama mtoto.

Bado kipande cha juu, chini ya jabali kubwa. Takataka nimezirundika hapo hapo.

Jumapili, 22 Juni.

Siku ya Bwana, fyekeo halishikwi. Vitumba vya chini vimeanza kupasuka. Mama alisimama uani akiisikiliza sauti ya nyuki. "Amefika mlangoni," alisema. Mimi nawaza kipande changu kilichobaki. Gari la Makambako ni saa moja asubuhi.

Jumatatu, 23 Juni. Makambako.

Nimechoka, naandika kwa ufupi. Niliamka saa kumi na moja, nikamaliza kipande cha juu kwa tochi. Rundo la takataka sikutaka mama alikute, nikalitia kiberiti. Sakitu ilikuwa nzito, majani yote meupe, moto ulinung'unika kidogo ukafa. Nikaondoka njia ikiwa safi kama sebule. Gari tuliliwahi kwa taabu. Mama alikaa kimya njia nzima, kichwa kwenye bega langu.

Upepo wa Makambako haujaniambia pole.

Jumanne, 24 Juni.

Wamempasua jicho la kulia. Dakika chache tu, na mimi pale nje nimemaliza zaburi zote ninazozijua nikaanza kuzirudia. Ametoka akiuliza kama nimekula.

Jumatano, 25 Juni.

Siku mbili ndani ya siku moja. Naanza na ile nzuri.

Nesi alifungua bandeji saa tatu. Mama alipepesa, akafumba, akafumbua. Aliangalia dirisha. Aliangalia mikono yake, ya ndani na ya nje, muda mrefu. Kisha akaniangalia mimi, na nikaona macho yake yananifuata, hayakosei, hayapiti pembeni. Akaniwekea kidole kwenye paji la uso.

"Hilda. Umezeeka!"

Wagonjwa wote walicheka. Nilicheka na kulia. Alizigusa mvi zangu moja moja kama anahesabu mbegu. Tukitoka alikitaja kila kitu, lori la mbao, mbwa, bati jekundu, mama anayeuza mahindi ya kuchoma. Treni ilipopita alisimama mpaka behewa la mwisho.

Saa kumi simu ikalia. Nelly. Nikatoka nje kuipokea nikiwa na furaha, nikamwambia anaona, Nelly, anaona! Nelly akalia. Nikadhani ni furaha. Kisha akasema, "Wifi, mlima umeungua. Upande wa nyumbani. Juzi mchana. Nilisubiri wamfungue kwanza."

Moto ulitoka kwenye majivu yake ya jikoni, alisema. Upepo uliyachukua. Mizinga ya mzee Gideoni imekwenda yote miwili. Watu walipambana mpaka jioni, wakauzimia kwenye mgongo wa mlima. Upande wa nyuma umepona.

Niandike nilichomwambia? Nitaandika, ili nikumbuke. Nilimwambia: miaka tisa unakaa na mama na hujajifunza kumwaga majivu. Nilimwambia: mimi nimetoa malengelenge, wewe umetoa moto. Nilimwambia: umemnyima mama mlima wake, bora ungemnyima chakula. Alisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu: "Nisamehe, wifi. Mama asiambiwe sasa, jicho lisilie."

Nimekata simu bila kumuaga. Ndani mama alikuwa anasoma kwa sauti maandishi ya kwenye boksi la sabuni, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Nani huyo?" Nikasema mteja.

Ijumaa, 27 Juni.

Matone mara nne kwa siku. Mama anataka kujua kila rangi ya nyuzi zangu inaitwaje. Sijalala vizuri.

Jumatatu, 30 Juni.

Ameuliza mgeni amefikia wapi. Nikasema ameshafunguka. Huo si uongo, kwa upande wa nyuma. Elius ananiambia kwenye simu kuwa mzee Gideoni hamsalimii Nelly, na kwamba kanisani wanawake wenzake walimwachia benchi zima akae peke yake. Nikasema anastahili.

Ijumaa, 4 Julai. Kichiwa.

Tumerudi. Ukungu ulikuwa mzito hata jiko halionekani kutoka barabarani, nikamshukuru Mungu kwa ukungu. Nelly alikuja kumpokea. Mama alivua miwani myeusi, akamshika mashavu, akamgeuza huku na huku.

"Kweli umenenepa," alisema. "Umependeza."

Nelly hakumkumbatia kwa viganja. Alimkumbatia kwa mikono iliyokunjwa. Viganja vyake vimefungwa vitambaa.

Jumamosi, 5 Julai.

Nimepanda mlimani kabla watu hawajaamka. Nilitaka kuona uharibifu wa Nelly kwa macho yangu, ndivyo nilivyojiambia.

Shimo la majivu la Nelly liko nyuma ya jiko. Nyasi zinazolizunguka ni kijani. Banda la kuku liko zima. Njia niliyoifyeka iko safi kushoto na kulia, hata jani halijababuka, mpaka juu, mpaka chini ya jabali. Hapo kuna duara jeupe la majivu, upana wa kitanda. Na kuanzia kwenye duara hilo weusi unafunguka kama upepeo, unapanda, unapanuka, unachukua mlima wote.

Nilikaa chini. Kila mtoto wa huku anafundishwa: usichome takataka na sakitu. Juu panaganda, unaona moto umekufa, kumbe umejificha chini kwenye mizizi unaota. Jua likipanda sakitu inakauka, upepo wa saa saba unakuja kuuamsha. Ndiyo sababu rundo la kufyeka linaachwa lioze, au linachomwa alasiri watu wakiwepo. Nilifundishwa na mama huyu huyu, kwenye mlima huu huu. Miaka thelathini ya cherehani imenisahaulisha. Nyani haoni kundule. Mimi nimeandika kurasa nzima juu ya la mwenzangu.

Nilimkuta Nelly anakamua ng'ombe kwa vidole viwili viwili kwa sababu ya viganja vilivyoungua. Nikamwambia nimetoka kwenye jabali. Hakuacha kukamua.

"Kwa nini, Nelly?"

"Ningekuambia ni moto wako ungefanyaje? Ungekuja mbio ukamwacha mama na bandeji. Au ungelia mbele yake. Mama anasoma watu."

"Na mzee Gideoni? Na kanisani?"

"Mimi nipo hapa kila siku, wifi. Watanizoea tena. Wewe unakuja mara moja moja; nilitaka ukija ukaribishwe."

Nilimnyang'anya ndoo, nikakamua mimi, vibaya, ng'ombe akanipiga mkia. Tulicheka. Halafu nikalia, nikamwomba msamaha kwa yale ya kwenye simu, moja baada ya jingine kama nilivyoyaandika. Aliposikia la malengelenge alisema, "Hilo lilikuwa zuri kidogo."

Niliporudi uani mama alikuwa amesimama, ukungu umeondoka, mlima mweusi mzima mbele yake. Aliutazama. Akasema, "Nelly, chai ipo?"

Jumapili, 6 Julai.

Kabla ya kengele ya pili nimemfuata mzee Gideoni mlangoni pa kanisa, watu wakipita. Nimemwambia kwa sauti ya kusikika: moto ule ni wangu, nilichoma takataka na sakitu, Nelly alinifichia.

Alivua kofia akajikuna. "Kwa hiyo siku hizi zote namnunia mtu bure?"

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ulizaliwa wapi, binti? Dar es Salaam?"

Nimestahili. Nimemwahidi kumshonea vazi la kurinia asali, la turubai, lenye wavu usoni, nami nitakuwepo wakichonga mizinga mipya. Kisha akaingia kanisani, akapita benchi la wazee, akakaa kando ya Nelly. "Kamwene," alisema, hata wanakwaya wakageuka. Nelly alijibu akiangalia kitabu cha nyimbo.

Aliyebaki kuambiwa ni mama.

Jumanne, 8 Julai.

Nelly alikuwa na jambo asiloniambia. Tulipokuwa Makambako, na viganja vile vile, alifyeka njia nyingine, inayozunguka mlima kwa chini hadi upande wa nyuma. Sehemu za mteremko amepigilia vigingi na kufunga kamba, usawa wa nyonga. "Jicho moja bado," alisema, "na mawe ni mengi."

Tuliondoka saa nne, jua likiwa limekausha umande. Mama mbele, mkono kwenye kamba, Nelly nyuma yake, mimi nyuma ya Nelly na kigoda kichwani. Elius alibaki na ng'ombe, safari hii kwa kweli. Mama alipumzika mara tatu. Nyuki tuliwasikia kabla hatujaipita kona.

Halafu tukaipita kona.

Zambarau kutoka miguuni kwetu mpaka kwenye mgongo wa mlima, na ng'ambo ya korongo zambarau nyingine, na upepo ukipita vyote vinainama na kuinuka pamoja. Mama alisimama. Alivua miwani. Sikuthubutu kumwangalia, nikaangalia mkono wake kwenye kamba.

"Lina mstari mweupe katikati," alisema. "Nilikuwa nimeusahau huo mstari."

Tulimkalisha kwenye kigoda. Alikaribisha mgeni kwa Kibena, maneno ambayo bibi alikuwa akiyasema, polepole, akiliinamisha ua moja kwa kidole bila kulichuma. Nelly akasogea kando kutuachia nafasi. Nikapiga magoti kwenye majani.

"Mama, mlima wa nyumbani niliuchoma mimi. Asubuhi ile ya safari."

"Najua."

"Nelly alikuambia?"

"Nelly? Nelly hata ukimkaanga hasemi." Bado aliliangalia lile ua. "Ndani ya gari nilikulalia begani. Shali lako lilinuka moshi na umande. Nikasema, huyu mtoto kachoma takataka na sakitu."

"Ulijua? Toka saa moja asubuhi? Kwa nini hukusema, mama? Tungepiga simu, Elius angekwenda kumwaga maji, mlima ungepona!"

"Ningesema, ungeshuka. Ungerudi mbio kuzima moto, na madaktari wangekwenda zao." Akaniangalia sasa, jicho lile jipya, halikosei. "Mgeni nimemwona mara nane, Hilda. Wewe mara ya mwisho nilikuona ukiwa na nywele nyeusi. Nilikaa kimya nikamwomba Mungu augawe mlima. Ameugawa vizuri tu."

Nilimlalia magotini kama mtoto, na miaka yangu hamsini na nne. Alinipapasa kichwa. Kisha akaita, "Nelly! Njoo huku, wewe ndiye umefyeka. Binti anayefyeka ndiye anayekaa karibu." Nikajisogeza. Tulikaa watatu mpaka jua likapinda.

Jumatatu, 14 Julai.

Maua yanadondoka. Nimeanza vazi la mzee Gideoni. Ana kiuno kikubwa kuliko anavyokiri.

Jumamosi, 26 Julai.

Nelly nami tumekwenda nyuma ya mlima na magunia. Vichaka vimekauka, mbegu zinatoka ukipapasa tu. Tumezitawanya upande wa nyumbani, juu ya weusi wote, mimi nikianzia kwenye lile duara chini ya jabali. Nelly anasema miaka tisa. Nikamwambia nitakuja wiki nzima kabla, bila kiberiti.

Jumapili, 27 Julai.

Kesho narudi Makambako, na mwezi wa kumi mama atakuja kwangu kwa jicho la pili. Leo baada ya ibada alikuwa anatembea uani peke yake, hashiki chochote, anawapisha kuku njiani. Nikamwomba Nelly ruhusa ya kufungua zile kamba, safari hii nikiomba kwanza. Nelly akasema sawa. Nikainama kwenye fundo la mlango wa jiko.

"Iache hapo," mama alisema kutoka kwenye benchi. "Mgeni akirudi, mzee wa kushika kamba utakuwa wewe."

Nimelikaza fundo.